Uzi wa njia za mkato za kibodi: usikariri orodha, fuatilia mkono wako

#1 MkonoMwepesi (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Uzi huu ni wa kila anayekaa mbele ya kompyuta kwa saa nyingi: anayeandika, anayepanga hesabu, anayejibu barua pepe, anayetafsiri, anayefanya utafiti. Nataka tuzungumze kuhusu njia za mkato za kibodi, yaani vitufe unavyobonyeza kufanya jambo bila kushika mausi, lakini si kwa mtindo wa orodha ndefu ambayo watu huihifadhi kwenye simu na hawairudii tena.

Mtazame mtu anayefanya kila kitu kwa mausi. Anachapa sentensi, anaiacha kibodi, anatafuta mshale umejificha wapi kwenye skrini, anaburuta juu ya neno, anabofya kitufe cha kulia, anasoma menyu, anachagua kunakili, kisha anaanza safari nyingine ya kwenda kubandika. Akirudi kwenye kibodi inabidi asome upya sentensi yake ili akumbuke alitaka kusema nini. Sekunde zimepotea, sawa, lakini kilichopotea zaidi ni wazo.

Kuhusu sekunde zenyewe, mwaka 1980 watafiti watatu, Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell, walichapisha vipimo ambavyo hadi leo hutumika kukadiria muda wa kazi za kompyuta. Kubonyeza kitufe kimoja, kwa mtu aliyezoea kuchapa, ni kama sekunde 0.2. Kuhamisha mkono kutoka kwenye kibodi hadi kwenye mausi ni 0.4. Kuelekeza mshale mahali unapotaka ni 1.1. Sasa piga hesabu ya kunakili kupitia menyu: mkono uende, mshale uelekee kwenye menyu, ubofye, uelekee kwenye neno lenyewe, ubofye tena, mkono urudi. Zinavuka sekunde 3. Ctrl+C ni vitufe viwili, haifiki hata nusu sekunde. Kwa mara moja tofauti ni ndogo, lakini kunakili ni jambo unalolifanya mara ngapi kwa siku?

Vipimo hivyohivyo vina kipengele kingine ambacho watu hukipuuza: muda wa akili kujiandaa kabla ya tendo, sekunde 1.35. Njia ya mkato ambayo bado unaifikiria inakula muda huo. Ndiyo maana nasema kujua njia 100 nusunusu hakukusaidii sana, ila kujua 10 ambazo vidole vinazifanya bila kukuuliza kunabadilisha siku nzima ya kazi.

Basi utaratibu wangu ni huu. Usianze na orodha, anza na mkono wako. Fanya kazi yako ya kawaida, na kila mkono unapoondoka kwenye kibodi kwenda kwenye mausi, jiulize ulikuwa unaenda kufanya nini. Hutahitaji hata kuandika popote, maana utagundua safari ni zilezile chache zinazojirudia. Mwingine ni kubadilisha dirisha, mwingine ni kubofya upau wa anwani kwenye brauza, mwingine ni kuchagua maneno. Chukua mbili zinazojirudia zaidi, tafuta njia zake za mkato, na kuanzia hapo usikubali kuzifanya kwa mausi hata kama una haraka. Zikishaingia mkononi, chukua nyingine mbili. Orodha ya mtu mwingine imepangwa kwa kufuata programu, haijui kazi yako.

Sasa niseme kuhusu kundi ninaloliona lina thamani kuliko yote na ambalo halizungumzwi inavyostahili: kutembea ndani ya maandishi. Watu wengi wanajua Ctrl+C na Ctrl+V, lakini kulifikia neno na kulichagua bado wanategemea mausi. Kwenye Windows na Linux kuna kanuni mbili tu za kushika.

Kanuni ya kwanza: Ctrl hukuza hatua. Mshale wa kulia unasogea herufi moja, Ctrl pamoja na mshale wa kulia unasogea neno zima. Mshale wa chini unashuka mstari mmoja, Ctrl na mshale wa chini kwenye Word unashuka aya nzima. Home inakupeleka mwanzo wa mstari, Ctrl+Home inakupeleka mwanzo wa waraka. Backspace inafuta herufi, Ctrl+Backspace inafuta neno lote la nyuma.

Kanuni ya pili: Shift huchagua. Chochote unachokipita huku umeshikilia Shift kinachaguliwa. Kwa hiyo Shift+End ni kuchagua hadi mwisho wa mstari, Ctrl+Shift na mshale wa kushoto ni kuchagua neno la nyuma, Ctrl+Shift+End ni kuchagua kila kitu kuanzia hapo ulipo hadi mwisho wa waraka.

Hukukariri kitu hapo. Umeshika kanuni mbili na umepata zaidi ya njia kumi, na zinafanya kazi kwenye Word, kwenye barua pepe, kwenye kisanduku cha kutafutia, karibu popote panapochapwa. Wa Mac, kanuni ya Shift ni ileile, ila kuruka neno ni Option na mshale, na kwenda mwanzo au mwisho wa mstari ni Command na mshale.

Madirisha ni Alt+Tab, nadhani wengi mnaijua. Ambayo hamuitumii vya kutosha ni kitufe cha Windows na namba: Windows+1 inafungua programu ya kwanza iliyobandikwa kwenye upau wa chini, Windows+2 ya pili, na kuendelea. Panga programu zako kwa mpangilio usiobadilika na hutazitafuta kwa macho tena. Windows na mshale wa kushoto au kulia inaligandisha dirisha kwenye nusu ya skrini, kwa hiyo unasoma upande mmoja na kuandika upande wa pili.

Kwenye brauza zipo tatu ambazo nisingependa mtu aondoke hapa bila kuzijua. Ctrl+L inakupeleka kwenye upau wa anwani moja kwa moja. Ctrl+Shift+T inafufua tabo uliyoifunga, na ukiibonyeza tena inafufua iliyofungwa kabla yake. Ctrl+F inatafuta neno ndani ya ukurasa. Bado naona watu wakishuka ukurasa mrefu kwa macho kutafuta jina moja.

Nimeacha majedwali kwa makusudi, najua humu kuna watu wanaoishi ndani ya Excel. Karibuni.

#2 NukuuFupi

Mkuu asante sana, hiyo ya Ctrl+Backspace nimeijaribu hapahapa nikiandika jibu hili na imekubali.

Nina swali. Kazi yangu inahitaji kunakili vipande vingi kutoka nyaraka mbalimbali kwenda waraka mmoja. Nikinakili cha pili, cha kwanza kinapotea, kwa hiyo nakwenda na kurudi kati ya madirisha kwa kila kipande. Kuna njia?

#3 MkonoMwepesi (mleta uzi)

Ipo, ndugu, na kwa kazi kama yako ni mkombozi. Bonyeza Windows+V. Mara ya kwanza itakuomba uwashe historia ya vitu unavyonakili. Ukishawasha, nakili vipande vyote mfululizo kwa Ctrl+C, kisha nenda kwenye waraka wako, bonyeza Windows+V, na utaviona vyote vimepangana. Unachagua kwa mshale na kubonyeza Enter. Inatunza hadi vitu 25, na ukiizima kompyuta vinafutika isipokuwa ulivyovibana (pin) ili vibaki. Ilikuja na toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2018, kwa hiyo kama kompyuta yako imesasishwa unayo tayari.

Angalizo moja: inatunza pia nywila uliyoinakili kwa njia ya kawaida. Kama kompyuta inatumiwa na watu wengi, ifute historia hiyo kabla ya kuondoka, au usiiwashe kabisa.

Na kwa kuwa unabandika kutoka nyaraka tofauti, zoea Ctrl+Shift+V badala ya Ctrl+V. Inabandika maneno matupu, bila rangi na ukubwa wa herufi wa kule yalikotoka. Inafanya kazi kwenye Chrome, Google Docs na matoleo mapya ya Word. Utaacha kupoteza muda kusawazisha mwonekano.

#4 BwanaJedwali

Mleta uzi umeniita, nimekuja.

Excel ndipo kibodi inapoonyesha uwezo wake wote, kwa sababu jedwali moja linaweza kuwa na mistari 1,048,576. Hakuna mkono wa kuburuta mausi kutoka juu hadi chini ya kitu kama hicho. Watu wanaburuta, wanapitiliza, wanarudi, wanapitiliza tena upande wa pili.

Ctrl na mshale kwenye Excel inaruka hadi ukingo wa data. Uko mwanzo wa safu yenye mistari 40,000, Ctrl na mshale wa chini, umefika mwisho. Ongeza Shift, safu yote imechaguliwa. Ni kanuni zilezile mbili za mleta uzi. Lakini kuna jambo la ziada ambalo nalipenda sana: mruko huo ni kipimo cha afya ya data. Ukiruka na ukasimama katikati ya safu, maana yake hapo pana seli tupu. Mimi kabla ya kufanya hesabu yoyote kwenye faili la mtu mwingine napitia safu kwa Ctrl na mshale. Nikisimama mahali nisipotarajia, nimeshajua tatizo lilipo kabla halijaharibu jumla. Mausi haikuambii hivyo.

F2 inafungua seli ili uihariri bila kubofya mara mbili. F4, ukiwa ndani ya fomula na umesimama kwenye A1, inaigeuza kuwa $A$1, ukibonyeza tena inakuwa A$1, kisha $A1, kisha inarudi A1. Anayeandika alama ya dola kwa mkono kila mara ajaribu hii leo. Ukiwa nje ya fomula, F4 hiyohiyo inarudia tendo la mwisho: umepaka seli moja rangi, nenda seli nyingine, F4, imepakwa.

Alt na alama ya = inaweka jumla. Ctrl na nukta-mkato inaandika tarehe ya leo, na tarehe hiyo haibadiliki kesho, tofauti na fomula ya TODAY. Ctrl+Shift+L inawasha vichujio. Ctrl+PageDown na Ctrl+PageUp zinakuhamisha kutoka karatasi moja hadi nyingine ndani ya faili. Alt+Enter inakupa mstari mpya ndani ya seli ileile, na hili naulizwa kila mara.

Ninayoitumia kuliko zote ni Ctrl+Enter. Chagua seli nyingi kwa pamoja, chapa thamani au fomula mara moja, halafu badala ya Enter bonyeza Ctrl+Enter. Seli zote zinajazwa.

Kuna aina ya pili ambayo haishikiliwi kwa pamoja bali inafuatana. Bonyeza Alt na uiachie. Herufi ndogo zinatokea juu ya kila kitu kwenye menyu. Kubandika thamani bila fomula, kwa Excel ya Kiingereza, ni Alt, kisha H, kisha V, kisha V. Kupanua safu zitoshee maneno ni Alt, H, O, I. Mwanzoni inaonekana ndefu, lakini vidole vinaishika kama neno linalochapwa. Na huna haja ya kukumbuka, maana skrini yenyewe inakuonyesha herufi inayofuata.

#5 MtuWaMausi

Mimi nitakwenda kinyume kidogo, msinielewe vibaya, uzi ni mzuri.

Bruce Tognazzini, mmoja wa watu wa mwanzo wa usanifu wa mwonekano wa kompyuta pale Apple, aliandika mwaka 1989 kwamba kwenye majaribio yao watumiaji walikuwa wakisema kibodi ina kasi zaidi, lakini saa ya kupimia ilionyesha mausi ndiyo yenye kasi. Maelezo yake ni kwamba kukumbuka njia ya mkato kunachukua muda, ila akili iko bize kiasi kwamba mtu hauhisi muda huo unavyopita. Kwa hiyo pengine mnahisi kasi ambayo haipo. Mimi nachora picha na kupanga kurasa, mausi ndiyo kazi yangu.

#6 MkonoMwepesi (mleta uzi)

Mkuu, nashukuru umeileta hoja hiyo, ni hoja nzito na naikubali kwa upande wake. Isome vizuri, inasema muda unapotea katika kukumbuka. Hapo tuko pamoja kabisa. Njia ambayo lazima uikumbuke bado haijawa ya mkato, na mtu akinionyesha orodha ya 100 namwambia hilohilo. Lakini mtu aliyeitumia Ctrl+C mara elfu hahitaji tena kuikumbuka. Vidole vimeshafika kabla ya wazo. Kwa tendo unalolifanya mara chache kwa mwezi, tumia menyu, na usijisikie vibaya, menyu ipo kwa ajili hiyo.

Halafu kwa kazi yako ya kuchora, mausi na kibodi havipingani. Mkono mmoja uko kwenye mausi muda wote, ule mwingine umekaa bure. Kwenye Photoshop, V ni kuhamisha, B ni brashi, na ukishikilia Spacebar unaivuta picha kuzunguka skrini bila kuacha kifaa ulichokuwa unatumia. Mkono wa kuchora hautoki kwenye picha kwenda pembeni kutafuta vifaa. Wachoraji wenye kasi ninaowajua wote hufanya kazi kwa mikono miwili.

#7 Terminali

Niongezee historia kidogo, maana inasaidia kuelewa kwa nini vitufe viko vilivyo.

Kukata, kunakili na kubandika kulianzia kwenye programu ya kuhariri maandishi iliyoitwa Gypsy, iliyotengenezwa na Larry Tesler na Tim Mott kwenye maabara ya Xerox PARC katikati ya miaka ya 1970. Tesler alihamia Apple mwaka 1980, na kompyuta ya Lisa ya mwaka 1983 ikaja na Z, X, C na V kwa kutengua, kukata, kunakili na kubandika. Angalia kibodi yako: vinne vimepangana mstari wa chini kushoto, karibu kabisa na kitufe cha kushikilia. C ni ya copy, X inafanana na mkasi, lakini zaidi ya herufi ni nafasi. Mkono wa kushoto unabaki hapo, wa kulia unabaki kwenye mausi.

IBM nao walikuwa na mpango wao uliochapishwa mwaka 1987, ambao ndio umetuachia Alt+F4 ya kufunga na F1 ya msaada. Kwao kunakili ni Ctrl+Insert na kubandika ni Shift+Insert, na zote mbili bado zinafanya kazi kwenye Windows. Kwa sisi wa Linux zina umuhimu, maana ndani ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, Ctrl+C hainakili chochote, inasimamisha programu inayoendelea. Kunakili huko ni Ctrl+Shift+C. Mgeni wa terminali aliyezoea Ctrl+C anaweza kuikatisha kazi iliyokuwa ikiendelea kwa saa nzima.

Na mkiwa humo, Ctrl+R inatafuta amri zako za zamani. Chapa herufi chache za amri uliyoitumia wiki iliyopita, inatokea nzima.

#8 Mpitanjia

Naweka kambi hapa. Endeleeni wakuu.

#9 SikioLangu

Nimesoma uzi wote kwa masikio, kwa hiyo acheni niseme yangu.

Sioni. Natumia kisoma skrini, programu inayonisomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Kwangu mimi kibodi ndiyo kompyuta yenyewe, mausi inataka uone mshale na mimi siuoni. Natumia NVDA, ni ya bure na imekuwepo tangu 2006.

Ninyi mnapofungua ukurasa mnautupia macho wote mara moja. Mimi nabonyeza H, inaruka hadi kichwa cha habari kinachofuata. Nikitaka cha ngazi ya pili tu, nabonyeza 2. K inaruka viungo, F inaruka visanduku vya fomu, T majedwali. Shift pamoja na herufi hizo inarudi nyuma. Ukurasa ulioandikwa vizuri naumaliza haraka pengine kuliko anayeona, kwa sababu sipiti kwenye matangazo. Ukurasa ambao vichwa vyake vya habari ni maneno ya kawaida yaliyokozwa wino na kukuzwa, H haivioni. Kwangu huo ni ukuta mtupu wa maneno.

Kwa hiyo nina ombi kwa wote mnaoandika kwenye Word. Msikoze wino ili kutengeneza kichwa cha habari. Bonyezeni Ctrl+Alt+1 kwa kichwa cha ngazi ya kwanza, Ctrl+Alt+2 kwa cha pili. Ni haraka kuliko kukuza herufi kwa mkono, orodha ya yaliyomo itajitengeneza, na mimi nitaweza kutembea ndani ya waraka wako.

Na mnaotengeneza tovuti au programu: jaribuni kuitumia kazi yenu kwa Tab, Shift+Tab, Enter na Spacebar tu, mausi muiweke pembeni. Mkikwama mahali, ujue hapo mimi sipiti.

#10 MkonoMwepesi (mleta uzi)

SikioLangu, asante sana. Kwangu hili ndilo bandiko la maana kuliko yote ya uzi huu, pamoja na la kwangu. Ninaomba kila anayeandika ripoti na nyaraka za ofisi aanze na Ctrl+Alt+1 leo. Wa Mac ni Command+Option+1.

#11 DadaWaRipoti

Kaka mleta uzi, mbona kwenye laptopu yangu F2 na F4 hazifanyi alivyosema BwanaJedwali? Nikibonyeza F2 mwanga wa skrini unapungua.

#12 BwanaJedwali

Dada, laptopu nyingi siku hizi zimeweka kazi za mwanga na sauti mbele, na F yenyewe nyuma. Shikilia Fn kisha F2, itafanya kazi. Kama unatumia Excel sana, tafuta kitufe cha Esc kama kimechorwa kufuli dogo au neno Fn. Bonyeza Fn+Esc mara moja, F zitabaki F. Zisipobadilika kwa njia hiyo, laptopu nyingi zina mpangilio wake ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuwaka.

Ukiona siku moja mishale kwenye Excel inasogeza ukurasa mzima badala ya kuhama seli, usidhani kibodi imeharibika. Scroll Lock imewashwa. Izime, utarudi kawaida.

#13 MkonoMwepesi (mleta uzi)

Na kwa kuwa tumefika kwenye mambo ya kushtua, tahadhari chache. Shift+Delete inafuta faili bila kupitia kwenye pipa la taka, kwa hiyo iacheni isiwe mazoea ya mkono. Ctrl+W iko jirani na Ctrl+E na inafunga tabo. Dawa yake ni ile Ctrl+Shift+T. Na ukitoka mbele ya kompyuta hata kwa dakika moja, Windows+L inafunga skrini. Hiyo ni ya usalama zaidi kuliko ya kasi, na ningetaka iwe ya kwanza kwa kila anayeshika taarifa za watu wengine.

#14 MkonoMmoja

Natumia mkono mmoja tu, ule mwingine haufanyi kazi. Ctrl+C nafika, lakini Ctrl+Shift+T au Ctrl+Alt+1 vidole havifiki. Je, haya yananihusu?

#15 MkonoMwepesi (mleta uzi)

Yanakuhusu kikamilifu, mkuu. Bonyeza Shift mara 5 mfululizo, Windows itakuuliza kama unataka kuwasha Sticky Keys. Kubali. Kuanzia hapo hushikilii vitufe kwa pamoja: unabonyeza Ctrl na kuachia, Shift na kuachia, kisha T, na kompyuta inavihesabu kama vimebonyezwa pamoja. Ukibonyeza Ctrl mara mbili mfululizo, inabaki imeshikiliwa hadi uibonyeze tena, na hiyo inafaa ukitaka kuruka maneno mengi kwa mishale. Mac nayo inayo, iko kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility).

Zile za kufuatana alizoeleza BwanaJedwali, yaani Alt kisha herufi moja moja, hazihitaji hata Sticky Keys. Zinakufaa kama zilivyo.

#16 NukuuFupi

Swali la mwisho kwa upande wangu. Programu ambayo haijatajwa humu, njia zake nazipataje bila kwenda kutafuta orodha?

#17 MkonoMwepesi (mleta uzi)

Programu yenyewe inakuambia. Fungua menyu, angalia upande wa kulia wa kila jina, njia yake ya mkato imeandikwa hapo. Kwenye programu zenye vitufe vya picha, weka mshale juu ya kitufe bila kubofya, usubiri kidogo, maelezo yatatokea na mara nyingi njia ya mkato iko ndani yake. Kwa hiyo kila unapokwenda na mausi kufanya jambo, soma hapo kabla ya kubofya. Unajifunza ile uliyoihitaji wakati huohuo.

Angalia pia lugha ya programu, kwa sababu herufi zinaweza kubadilika. Word ya Kihispania inahifadhi kwa Ctrl+G, si Ctrl+S, kwa kuwa kuhifadhi kwao ni guardar.

Kwa tovuti kubwa, jaribu kubonyeza alama ya kuuliza, yaani Shift na kitufe chake, ukiwa nje ya kisanduku cha kuandikia. Nyingi zinafungua ukurasa wa njia zake zote. YouTube inafanya hivyo: K inasimamisha video, J inarudisha nyuma sekunde 10, L inapeleka mbele sekunde 10. Gmail pia inazo, C ya kuandika barua mpya, E ya kuhifadhi kwenye kumbukumbu, R ya kujibu, lakini nyingi zinakuja zikiwa zimezimwa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya jumla, washa njia za mkato za kibodi, kisha shuka hadi chini kabisa ya ukurasa ubofye kitufe cha kuhifadhi mabadiliko, la sivyo hazitawaka.